Kukereza mishikio ya fimbo za kuvulia kwa mashine ndogo: anza na tundu

Fimbo ya kuvulia ikizeeka hapa pwani, mara nyingi mshikio ndio unaotangulia kuharibika. Ufito bado mzima, pete bado zinapitisha mshipi bila kukwama, lakini foma imeliwa na jua na chumvi, inazunguka ndani ya kiganja, au koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, imemeguka vipande vipande. Wengi wanaovua upande wa Raskazone na Sahare, hapa Tanga, huviringisha mpira wa tyubu ya baiskeli juu yake na kuendelea na shughuli. Si vibaya. Ila mwenye drili, ubao mzuri na subira ya siku mbili tatu anaweza kukereza mshikio mpya uliopimwa kwa kiganja chake, wala hahitaji kuagiza mashine kutoka nje ya nchi.

Neno nitakalolirudia hadi likuchoshe ni tundu. Anayeanza hutazama umbo la nje: kiuno, kibonge cha nyuma, ulaini. Hayo yote msasa unayafanya, na mkono unayazoea kwa haraka. Kinachoamua kama mshikio utanyooka na ufito, kama utashika au utalegea, na kama maji yataingia ndani, ni tundu la katikati. Mashine haina kazi nyingine zaidi ya kuhakikisha nje kunalifuata tundu hilo.

Mashine ipi

Usianze kwa kununua. Mshikio wa nyuma wa fimbo ya kawaida una urefu wa sentimita 20 hadi 30, unene wake milimita 25 hadi 32, na vifaa vyake ni laini. Kazi hiyo drili ya mkononi inaiweza, mradi imefungwa vizuri na huilazimishi.

Ukija kununua baadaye, tafuta mashine ndogo ya kukerezea mbao yenye nafasi ya sentimita 40 au zaidi kati ya kichwa na mkia, mota ya wati 250 hadi 400, na kitufe cha kubadili mwendo. Mashine ndogo ya kukerezea chuma ni nzito, ina bei, na vumbi la msasa likiingia kwenye reli zake linazila kama tupa. Mimi nisingempa mtu anayeanza ushauri huo hata kama pesa ipo. Ipo njia nyingine ya kujifunza mkono: kaa siku nzima na fundi anayekereza miguu ya vitanda. Mashine yake ni kubwa mno kwa kazi yetu, lakini namna anavyosimama, na jinsi anavyouacha mti uje kwenye patasi badala ya kuisukuma patasi kwenye mti, hayo hutayapata kwa kusoma.

Kutengeneza mashine ya drili

Tafuta ubao wa mita 1 hivi, mpana wa inchi 6, mnene wa inchi 2, mkavu na usiopinda. Mninga ni anasa. Ubao wowote mgumu ulionyooka unatosha. Huu ndio kitanda cha mashine.

Kichwa ni bonge la mbao lililosimamishwa upande mmoja wa kitanda. Drili nyingi zina shingo ya duara nyuma ya chaki (ule mdomo unaobana keekee), na kipimo chake cha kawaida ni milimita 43. Pima ya kwako kwanza. Toboa bonge tundu la kipimo hicho, kisha lichane kwa msumeno kuanzia juu hadi kwenye tundu, na upitishe bolti ya kubana ule mchano. Drili inaingia, unakaza, haitikisiki. Ikitikisika hata kidogo, rudia. Hakuna hatua ya mbele itakayokuja kurekebisha kasoro hiyo.

Mkia, yaani bonge la upande wa pili wa kitanda, ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanapima kwa rula na katikati ya mkia haikutani na katikati ya chaki. Acha rula. Tengeneza bonge la pili linaloteleza juu ya kitanda, likiwa limeelekezwa na vibao viwili vya pembeni lisiyumbe. Funga drili kwenye kichwa chake, tia keekee nyembamba kwenye chaki, washa, kisha sukuma bonge taratibu hadi keekee ilitoboe. Drili imejipimia yenyewe. Sasa panua tundu hilo kwa keekee bapa ya milimita 22 upande wa ndani, kina cha milimita 7, na upachike beringi namba 608. Hiyo ina tundu la milimita 8, inapatikana kirahisi, nayo ndiyo iliyomo kwenye magurudumu ya viatu vya kuteleza.

Kinachobaki ni nondo ya milimita 8 yenye meno ya nati mwanzo hadi mwisho. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ngamiani huiuza kwa mita; kata sentimita 45. Kabla ya kulipa, ibingirishe juu ya kioo cha meza ya duka. Ukiona mwanga unapenya chini yake na kupotea kila inapozunguka, imepinda, chukua nyingine. Nondo iliyopinda itakupa mshikio wa duara safi ambao tundu lake liko pembeni, na hutajua hadi uuvike kwenye ufito.

Mwisho wa kujenga, weka swichi ya ukutani kwenye waya wa umeme, mahali mkono wa kushoto unapofika bila kutafuta. Kitufe cha drili utakifunga kibaki kimewashwa, kwa hiyo swichi hiyo ndiyo breki yako. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo la kwanza ni kuizima, hata kabla ya kulalamika. Ukirudi ghafla huku mkono wako uko kwenye nondo, utajuta.

Mwenye mota ya zamani isiyo na kitufe cha mwendo atumie puli. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, mota nyingi za aina hiyo huzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika. Puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 10 kwenye nondo inakupa nusu yake, yaani 700, mwendo mzuri wa kuanzia.

Mavazi na pumzi

Kanzu, mikono mipana, mtandio unaoning'inia, kamba ya kofia, tasbihi shingoni: vyote vikae mbali. Glavu pia. Watu hudhani glavu ni kinga, lakini mbele ya kitu kinachozunguka glavu hunaswa na kuuvuta mkono uliomo ndani. Miwani ya plastiki ivaliwe wakati wote.

Kuhusu vumbi sina utani. Koki yenye ukungu imewaletea wafanyakazi wa viwandani maradhi ya mapafu yenye jina lake kabisa, suberosisi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na koo. Foma nayo hutoa unga mwepesi unaoelea hewani muda mrefu. Vaa barakoa ya mafundi inayobana pembeni. Ile ya kitambaa haitoshi. Kama unafanyia kazi barazani, kaa upepo wa bahari ukiwa mgongoni mwako, na uwahurumie majirani walioanika nguo.

Kuchagua kifaa

Koki ni gome la mwaloni unaoota nchi za Mediterania. Karibu nusu ya koki yote duniani hutoka Ureno, na kule gome la mti huo huruhusiwa kubanduliwa kila baada ya miaka 9. Huja kama pete za milimita 32 kwa unene wa milimita 12.7, zikiwa na tundu la milimita 6 hivi. Pete 14 zinakupa mshikio wa sentimita 17 na ushee. Ni nyepesi, haziponyoki zikilowa, na zinapendeza kuzishika. Ila hapa lazima uagize, na kumpa anayeanza koki ni kuchezea pesa. Iache kwa mshikio wa tatu au wa nne. Vizibo vya chupa za mvinyo kutoka hotelini vina upana wa milimita 24 tu, kwa hiyo vinafaa kwa kile kishikio kidogo cha mbele ya rili (gurudumu la kuviringishia mshipi), si zaidi.

Kifaa cha kuanzia ni foma ya EVA, na Tanga imejaa. Ndiyo iliyo kwenye kandambili nyepesi na mikeka ya mazoezi. Usiokote zile za ufukweni: zimekaushwa na jua na zimebeba mchanga utakaouchana msasa wako. Nunua pea mpya ya bei ndogo, au omba vipande kwa fundi viatu. Hakikisha ni EVA kweli na si mpira. Mpira ni mzito, na ukiusugua unapakaa kama ulimbo badala ya kutoa unga.

Mbao ni nzuri kwa pete za mapambo na kifuniko cha nyuma, lakini mshikio wote wa mbao huteleza ukilowa. Mpingo ni mzito mno kwa mshikio mzima. Pete moja nyembamba kati ya foma nyeusi na rili inatosha kumfanya mtu aulize umenunua wapi. Msaji, unaolimwa huku kwetu Longuza wilayani Muheza, una mafuta yanayokataa gundi, kwa hiyo ufute kwa asetoni dakika chache kabla ya kugundisha. Mnazi uwe mbali na patasi zako, unazimaliza makali.

Halafu upo mkonge. Mkonge uliingizwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na tangu hapo tunasifiwa kwa nyuzi zake. Mlingoti wake wa maua, ule unaochomoza mara moja kabla mmea haujafa, unatajwa mara chache. Ukikauka unakuwa mwepesi ajabu, mgumu kwa nje na wa sifongo kwa ndani. Omba kwenye shamba kwa ruhusa, chagua mlingoti uliokauka wenyewe ukiwa umesimama, kwa sababu maji ya mkonge mbichi huwasha vibaya. Ule moyo laini lazima unyweshwe resini nyepesi kabla na baada ya kukereza, la sivyo utachimbika. Ni kazi ya mtu aliyekwisha zoea, lakini mshikio wa mkonge wenye pete za mpingo ni kitu cha Tanga kabisa.

Kukata na kugundisha

Tuseme umechagua EVA. Chukua msumeno wa duara wa drili wa milimita 38. Keekee yake ya katikati inatoboa tundu la milimita 6 palepale inapokata, na tundu hilo linakaa katikati bila wewe kupima. Bana foma kati ya vipande viwili vya plaiwudi ili isivutike. Kwa soli ya unene wa milimita 15, vipande 15 vinakupa sentimita 22 hivi.

Paka nondo nta ya mshumaa ili gundi isiishike. Gundi ya viatu inafaa: paka pande zote mbili safu nyembamba, subiri ikauke hadi isinate kidoleni, kisha unganisha. Safu nene itakuwa kovu gumu kati ya vipande. Foma italika, gundi itabaki imesimama kama mbavu. Vipande vikishavishwa vyote kwenye nondo, weka washa pana (pete bapa ya chuma) na nati kila upande, ukaze hadi vikutane, usiendelee hadi vitutumke. EVA iliyobanwa sana hurefuka ukiifungua na umbo lote ulilokereza linabadilika. Iache ilale hadi kesho yake.

Koki ni tofauti kidogo. Tumia nondo ya milimita 6, pamoja na bonge jingine la mkia lenye beringi namba 626, na gundi ya mbao isiyoogopa maji. Zungusha kila pete ili mashimo yake ya asili yasijipange mstari mmoja. Koki unaweza kuikaza kwa nguvu.

Kwa mbao sheria ni kutoboa kwanza na kukereza baadaye. Keekee ndefu ikipita kwenye mti huifuata mishipa ya mti, haikufuati wewe, kwa hiyo tundu litahama tu. Likishahama, tengeneza koni mbili za mbao ngumu zinazoingia kwenye tundu kutoka kila upande, ukereze nje kwa kufuata tundu lilipoishia. Ukikereza kwanza na kutoboa mwisho, utatoboa ubavuni.

Kukereza

Tia nondo kwenye chaki, upande wa pili upite kwenye beringi, tone moja la mafuta. Izungushe kwa mkono kwanza uone kama kuna kinachogusa. Kisha washa taratibu.

Kwa EVA na koki huhitaji patasi. Kata utepe wa msasa wa turubai, namba 60 au 80, upana wa sentimita 3, ushike ncha mbili na uuvushe juu ya foma kama anayeng'arisha viatu. Usisimame mahali pamoja. Tembea kushoto na kulia muda wote, ukilegeza mkono unapokaribia ncha, maana ncha huliwa haraka kuliko katikati. Koki inaridhika na mizunguko 700 hadi 1,000 kwa dakika. EVA inapenda zaidi, 1,500 hata 2,000, kwa sababu ikienda polepole msasa unaing'oa vidonge badala ya kuikata. Lakini ukikandamiza, joto linaifanya ing'ae na kunata, na pale pang'aapo msasa hautapashika tena kirahisi. Mkono mwepesi. Drili ikipata moto izime ipoe. Haikuundwa kuzunguka saa nzima.

Kwanza fanya bomba la kipimo kimoja, milimita 30 mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo upime kwa kalipa, na hapo ndipo utajua kama nondo yako ilikuwa sawa. Baada ya bomba, zima mashine, shika kama unavyoshika fimbo, na weka alama kwa kalamu pale vidole vinapotaka nafasi. Maumbo ya dukani yamepimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Anayerusha chambo kizito kutafuta kolekole atataka nyuma pawe pana, pasichomoke chini ya kwapa. Anayevua changu akiwa ndani ya mtumbwi anataka kifupi tu, kisikwame kwenye ubavu wa chombo.

Umbo likikubali, panda namba: 120, halafu 240, halafu 400. Kwa EVA malizia na 400 yenye maji. Kwa koki, kabla ya namba ya mwisho, changanya unga wake mwenyewe na gundi kidogo, ziba vishimo, subiri pakauke, ndipo umalize.

Ukikereza pete za mbao utahitaji patasi na kiegemeo chake, kikae karibu na mti, milimita 3 au 4 tu. Mhunzi anaweza kukufulia patasi kutoka kwenye springi ya gari. Usikubali patasi iliyotokana na tupa kuukuu ambayo haikupashwa moto upya kupunguzwa ugumu: ikinasa inavunjika kama kioo, na vipande huja usoni.

Kurudi kwenye tundu

Sasa mshikio una sura nzuri na tundu la milimita 6 au 8, wakati ufito wako pengine una milimita 12 nyuma na 10 mbele. Ufito hupungua unene kadiri unavyokwenda mbele, kwa hiyo tundu nalo lazima lipungue hivyohivyo. Keekee haiwezi kufanya hilo. Kinachoweza ni kipande cha fimbo iliyovunjika: kiviringishie utepe wa msasa namba 60, kigundishe, na sasa una tupa ya duara yenye mteremko uleule wa ufito. Ingiza kutokea nyuma ya mshikio, zungusha kwa mkono, geuza mshikio robo duara kila mara ili tundu lisielekee upande mmoja. Pima mara kwa mara. Koki iteleze hadi mahali pake kwa msukumo mdogo. Kwa EVA simamisha kazi tundu likiwa dogo kuliko ufito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Itatanuka na kushika.

Kugundisha kwenye ufito

Kwaruza ufito kwa msasa mwembamba pale mshikio utakapokaa, ufute kwa spiriti. Gundi iwe ya tyubu mbili inayokauka polepole. Ile ya dakika tano isikushawishi: kwa joto letu itaganda kabla mshikio haujafika nusu ya safari. Changanya kidogo kidogo, paka kwenye ufito na ndani ya mbele ya tundu, kisha sukuma mshikio ukizungusha. Kiti cha rili, pale rili inapofungwa, kikiwa kinacheza, viringisha tepu ya karatasi kwenye ufito kwa vikuku vyembamba vyenye nafasi kati yake ili gundi ijae humo. Kikuku cha tepu kisifike ukingoni kabisa, kwani maji huingia hapo kwanza. Kabla haijaganda, tazama kutoka nyuma kama kiti kimelingana na pete za mshipi. Futa ziada kwa spiriti. Saa 24 bila kuishika.

EVA haitaki kupakwa kitu chochote. Sabuni na maji baridi baada ya kila safari. Mbao zipakwe vanishi ya boti, tatu nyembamba badala ya moja nene. Mafuta ya nazi hayakauki, yatavunda. Na kuna atakayekwambia upake sifa, yale mafuta ya papa, kama kwenye jahazi. Inahifadhi mbao kweli, lakini jaribu kuingia na fimbo hiyo kwenye daladala.

Siku mshikio utakapochakaa, uchane kwa kisu kutoka mbele kwenda nyuma, makali yakiwa yamelazwa yasiuguse ufito, ung'oe kwa vipande, kisha mabaki ya gundi uyapashe joto kwa maji ya moto na kuyakwangua kwa ukingo wa plastiki. Chuma usikitumie hapo: mkwaruzo mmoja kwenye nyuzi za ufito unatosha kuuvunja samaki wa kwanza mkubwa akivuta.